Mguu Mzito wa Dada Thoa

Watalii hawaishi kuniuliza. Wanakuja na kaptula zao, migongo imeungua na jua, wanasimama mbele ya beseni langu la ngisi, halafu wanataka niwaelekeze wapi pa kununua chakula. Juzi mama mmoja Mkorea alinionyesha simu yake imeandika kwa lugha yetu: "Watu wa kisiwa hiki hununua wapi mahitaji ya jikoni?" Nikamwambia hapo hapo ulipokanyaga, mama. Hakuelewa. Akanipiga picha, akaenda zake.

Basi nitakujibu wewe. Hapa Phu Quoc ukitaka dawa ya meno, bia na biskuti za kigeni, nenda supamaketi kule barabara ya ufukweni. Kuna baridi kama ndani ya jokofu, bei zimebandikwa, huna haja ya kugombana na mtu. Ukitaka embe kwa bei ya pikipiki, nunua kwa wale wanaopita na vikapu mchangani. Lakini ukitaka kula, njoo sokoni kwetu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, upande wa mtoni, chini ya mabati ya bluu. Uliza Diep wa ngisi. Ndiye mimi. Na usipige soga njiani, wapishi wa hoteli hawana huruma, wakipita wao unakuta mikia na vichwa.

Kuna mtu mmoja tu ambaye kwa miaka kumi na tisa tulimkataza kuja saa hizo. Nataka nikueleze habari zake. Ukiona nimeanza kujitetea katikati, nivumilie, nina sababu.

Jina lake Thoa. Ni mpishi wa nyumba ya wageni ya Bwana Quyen, ile ya vyumba vinane nyuma ya kiwanda cha sosi ya samaki, ambako mgeni akifika siku ya kwanza anashika pua na siku ya tatu ameshasahau. Mwanamke mfupi, mnene, ana mashavu ya mtu aliyekula akashiba, na akianza kukuhadithia kitu anacheka yeye kabla hajafika mwisho. Anavaa blauzi na suruali za maua kitambaa kimoja, kama sisi sote. Uji wake wa mchele na ngisi, na pilipili manga mbichi kidogo juu, watu wazima wamelamba bakuli. Mkono anao. Tatizo lilikuwa mguu.

Maana kwetu mteja wa kwanza ndiye anayekufungulia siku. Akiwa na mguu mwepesi, ananunua bila maneno mengi, unaichukua noti yake unaipigapiga juu ya bidhaa, na kufika saa tatu umeshaosha beseni. Akiwa mzito, atachambua, atanusa, atapinda mdomo, na akishaondoka wewe kazi yako kufukuza nzi mpaka adhuhuri. Dawa yake ni gazeti. Unakunja kipande, unakiwasha, unakizungusha mara tatu juu ya beseni, nuksi yake inaungua, unaanza upya. Mfukoni mwa aproni yangu hakukosi kiberiti na ukurasa wa michezo.

Na mguu wa Dada Thoa ulikuwa mzito kuliko miguu yote ya kisiwa. Hilo lilijulikana. Hata kupita tu mbele ya meza ambayo haijafunguliwa ilikuwa balaa. Kwa hiyo yeye alikuja saa mbili, na hata hiyo saa mbili alisimama kwanza pale kwa muuza kahawa, langoni, na glasi yake ya kahawa ya barafu, anatupigia kelele.

"Mmeshafunguliwa wote?"

"Bado Bibi Tuyet," anajibu Bui.

Bui ni muuza mboga, jirani yangu wa kulia. Bibi Tuyet anauza tofu, ile jibini ya soya, ana miaka sabini na mbili, na hana haraka na kitu chochote.

"Bibi Tuyet, jikaze basi," anasema Thoa. "Barafu yangu imeyeyuka, na kahawa yenyewe nimeshainywa."

"Subiri huko huko," Bibi Tuyet anamjibu. "Nikikuona umeinua mguu nakurushia mwiko."

Tunacheka, na yeye anacheka. Akiingia anakuta kilichobaki: ngisi wa chini ya beseni, wale waliokaa mpaka wakachoka. Ananunua. Akishageuka tu mimi nawasha gazeti langu, ingawa nilikwisha funguliwa zamani. Yeye anageuza shingo ananiona, ananiambia, "Diep, choma vizuri mdogo wangu, leo nimevaa kandambili mpya." Hivyo ndivyo tulivyoishi. Ukituona ungesema watu hawa wanapendana. Na kweli tulikuwa tunapendana, ila yeye alipendwa kuanzia saa mbili.

Mwaka huu mambo yakabadilika. Wageni siku hizi hawamwambii mpishi kitu usoni, wanakwenda kuandika kwenye mtandao. Mmoja aliandika kwamba uji ni mzuri ila ngisi ni kama soli ya kiatu. Mwingine akaandika hivyo hivyo, akaongeza picha. Bwana Quyen alimwita Thoa sebuleni, akamsomea yote, polepole, kama anasoma hukumu. Kisha akamwambia: mwisho wa mwezi huu, ama ngisi wa alfajiri mezani, ama nitaleta mpishi mwenye cheti kutoka bara.

Sasa elewa. Thoa ana miaka hamsini na minane. Mumewe ameshafariki. Anakolala ni chumba cha nyuma ya jiko lile lile la Bwana Quyen. Kazi ikienda, chumba kimeenda, na kisiwani kwenyewe siku hizi chumba kinapangishwa kwa bei ya kumfukuza hata mwenyeji.

Alikuja saa mbili kama kawaida. Hakunywa kahawa. Akasimama katikati yetu na kikapu chake akatuambia yote, hata ile soli ya kiatu.

"Nawaomba," akasema. "Niruhusuni nije saa kumi na moja. Nitapita ukingoni. Hata macho nitafumba."

Bui akamshika bega. "Dada Thoa, sisi tunakupenda sana. Ila asubuhi tunakupenda kwa mbali."

"Nenda mashuani ukanunue huko huko," Bibi Tuyet akasema.

"Nimekwenda. Wameniona wakasukuma mashua. Habari zenu zimefika mpaka majini."

"Si umtume mtu?"

"Nilimtuma dobi wetu. Nimemwambia ngisi, akaniletea pweza. Na huyo pweza mwenyewe alikuwa na mikono sita."

Tukacheka, tungefanyaje. Yeye safari hii hakucheka. Akanunua ngisi wangu wa mwisho, akaenda. Nikatia mkono mfukoni kutafuta kiberiti, na siku ile niliona aibu kidogo. Kidogo tu, usije ukadhani mimi ni mtu mwema. Nilichoma.

Wakati huo huo ile supamaketi ndiyo ilikuwa inamalizia kupigwa rangi. Sisi usingizi hatuna. Inasemekana watauza ngisi walioganda, wamefungwa kwenye karatasi, wamesafishwa na macho wametolewa. Bui alikuwa akinuna kutwa. "Watalii wataingia mle kwa ajili ya baridi tu," alisema. "Wakishapoa watanunua chochote. Mimi nina nini cha kumpoza mtu, tango?"

Wazo lilikuwa langu. Sitamsingizia mtu. Nilikuwa nakata barafu, likanijia lote kwa mpigo: kama mguu wa Thoa unaweza kuua biashara ya meza moja, si tuupeleke ukafungue supamaketi?

Bui alinitazama, akaweka chini kisu chake, akanikumbatia na mikono yake ya udongo. Bibi Tuyet alisema ni dhambi. Kisha akauliza wanafungua lini.

Kesho yake tukamweleza Thoa. Mimi ndiye niliyesema, kwa kuwa mdomo wangu hauna breki. Awe mteja wa kwanza kabisa supamaketi, anunue kitu chochote, na sisi tutamruhusu sokoni saa kumi na moja, kila siku, maisha yake yote.

Ule uso wa mashavu ulitulia mpaka ukawa wa mtu mwingine.

"Yaani mnanitupa kule kama mtu anavyomtupia jirani takataka," akasema.

Bui akawa ghafla anapanga bilinganya zilizokwisha pangwa.

"Na nikifanya, nakuja saa kumi na moja?"

"Unakuja."

"Sema mbele ya Bibi Tuyet, Diep. Wewe sikuamini."

Nikasema mbele ya Bibi Tuyet. Na Bui akaongeza kwamba asubiri wiki moja baada ya ufunguzi, aanze tarehe kumi na tano, ili nuksi ya supamaketi imtoke kwanza mwilini. Thoa akamtazama, akatikisa kichwa, akasema, "Haya, mama daktari."

Supamaketi ilifunguliwa tarehe nane, saa mbili na dakika nane, dakika iliyochaguliwa na mnajimu. Maana usidhani wale wana akili kutuzidi. Meneja wao, Bwana Khiem, mtu wa bara, kijana wa tai na nywele za mafuta, alikuwa amemwalika tajiri mmoja wa sosi ya samaki aje kuwa mteja wa kwanza. Tajiri ana tumbo, ana watoto wa kiume watatu, amezaliwa mwaka unaotakiwa. Huyo mguu wake ni manyoya. Zulia jekundu likatandikwa, ngoma zikapigwa, vijana ndani ya simba wa kitambaa wakaruka. Sisi watatu tulikuwa upande wa pili wa barabara. Yaani wawili, mimi na Bibi Tuyet, kwa sababu Bui alikuwa na shughuli kona ya chini. Mkokoteni wake uliharibika ghafla katikati ya njia, na kabichi arobaini zikamwagika mbele ya gari la tajiri. Zilimwagika zenyewe, Bui anaapa mpaka leo. Na alikuwa akiziokota moja moja, akiipangusa kila moja.

Saa mbili na dakika tano. Bwana Khiem anatazama barabara. Dakika sita. Anapiga simu, jasho linaingia kwenye tai. Dakika saba. Anageuka kuitazama ile halaiki iliyojipanga mlangoni, anatafuta yeyote mwenye sura ya heri, na nani yuko mbele kabisa? Mama mmoja mnene, ana mashavu, amevaa seti mpya nyekundu, anatabasamu. Sisi tuliopo pale wote tunamjua. Hakuna aliyefungua mdomo.

"Mama, una wajukuu?" Khiem akamuuliza.

"Watano," Thoa akasema. Hana hata mmoja.

"Wa kiume?"

"Wote. Na mmoja mapacha."

Khiem hata hakuhesabu. Akamshika mkono akamvuta ndani. Bibi Tuyet alinifinya paja mpaka likavimba.

Alinunua pakiti ya chumvi. Hakuomba punguzo, hakugeuza pakiti, hakunusa. Khiem akaichukua ile noti kwa mikono miwili, akaenda nayo anaipigapiga kwenye rafu: sabuni, maziwa, bia, dawa ya meno, akafungua na jokofu la ngisi akawapiga hata wao. Tai imeshaanguka begani. Kisha wakampiga Thoa picha na chumvi yake, wakampa zawadi ya jiko la umeme la kupikia wali. Tulirudi sokoni tunaimba. Bui alifika nyuma yetu na kabichi zake, nyingine zimepasuka, akasema hasara ile ni ya furaha.

Sasa ngoja nikwambie kilichotokea.

Siku ya kwanza watu walijaa. Tukasema ni vya bure vya ufunguzi. Siku ya pili wakajaa, tukasema ni ushamba. Siku ya nne ikatia nanga meli ya watalii elfu mbili, na wote, sijui nani aliwaambia, wakaingia mle kununua maji na kofia. Siku ya tano tambi ziliisha kwenye rafu, Bwana Khiem akaonekana anakimbia mwenyewe na kasha kichwani. Akaikuza picha ya Thoa ukubwa wa mlango, akaibandika pale wanapoingilia. Thoa na chumvi, anacheka, meno yote nje. Akamtumia na ujumbe: tafadhali mama, tunafungua sehemu ya mikate wiki ijayo, uje utununulie mkate wa kwanza.

Bui alikwenda kupeleleza, akarudi, akakaa chini kwenye kreti lake.

"Wamepanga foleni," akasema. "Foleni ya mkate ambao haujaokwa."

Bibi Tuyet akafuta kisu chake cha tofu, akakitazama.

"Mtu mwenye mguu kama ule," akasema, "tumemweka kwenye kahawa miaka kumi na tisa. Halafu tumempeleka mpaka kule kwa mikono yetu. Hebu niambieni, nani alianza kusema yule ni mzito?"

Bui akasema hajui, ilikuwa inajulikana tu. Muuza viungo akasema alisikia kwa muuza bata. Muuza bata akasema yeye alikuta watu wanasema.

Mimi nikawa nakata barafu. Barafu yenyewe ilikuwa imekwisha, nilikuwa nakata ubao.

Haya, hapa ndipo ninapojitetea. Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuwa na wiki tatu tu sokoni. Mume wangu alikuwa amevuka kwenda bara kununua injini ya boti, na injini hiyo mpaka leo bado anaitafuta. Mtoto wangu alikuwa analala kwenye bembea ya kitambaa chini ya meza. Siku moja ngisi walinibakia nusu beseni. Kuwatupa sikuweza, ndio ulikuwa mtaji wangu wote. Asubuhi nikawaosha, nikawapiga chumvi, nikawafunika na barafu, nikatandaza wapya sita juu. Mteja wa kwanza alikuwa mpishi mgeni, mnene, mcheshi, kikapu chake kipya. Nikampimia kilo mbili kutoka chini. Alilipa bila neno, akanitakia biashara njema. Baada yake kila aliyekuja aliinama, akanusa, akanyooka, akaenda meza nyingine. Kufika saa nne Bui akaniuliza, mbona huuzi? Ningesema nini? Nikamwambia yule aliyenifungulia ana mguu mzito. Nikachoma gazeti ili waone.

Kesho kutwa yake mchicha wa Bui ukalala, akakumbuka Thoa alipita mbele yake. Mwisho wa wiki soko zima lilikuwa na ushahidi. Nilitaka kulirudisha lile neno. Kila siku nikasema kesho. Na ukichoma gazeti mwaka mzima kwa ajili ya mtu, mwaka wa pili unaanza kuamini mwenyewe.

Wiki ile kabla ya tarehe kumi na tano Thoa alipelekewa zawadi kama bibi harusi. Bibi Tuyet alimpelekea tofu ya kukaanga, moto moto, akaipeleka mwenyewe kwa miguu yake. Bui alimpa kabichi, zile ambazo hazikupasuka. Muuza bata alimpelekea bata. Kila mmoja anamnong'oneza: Dada Thoa, utaanzia kwangu, sivyo? Na yeye anapokea, anashukuru, hamuahidi mtu. Mimi sikupeleka kitu. Ningeanzia wapi?

Alfajiri ya tarehe kumi na tano kulikuwa na manyunyu. Hujawahi kuliona soko letu safi vile. Bui alikuwa amepaka rangi ya mdomo. Wapishi wa hoteli walikuja saa zao, na sisi tukawaambia subirini kidogo. Mmoja alishanyanyua ngisi wangu, nikampokonya nikamrudisha ndani ya beseni. "Hatujafunguliwa," nikamwambia. Akasema wamechanganyikiwa hawa.

Saa kumi na moja na nusu Thoa akaingia langoni. Hakusimama kwenye kahawa. Akaja taratibu, kikapu mkononi, kushoto na kulia watu wanamsalimia mpaka wanainama. Akampita muuza bata. Akampita Bibi Tuyet. Akampita Bui na mdomo wake mwekundu. Akasimama kwangu.

"Wa leo hawa?" akauliza.

"Wa leo, Dada Thoa."

Akachukua mmoja, ngozi bado inabadilika rangi mkononi mwake. Akamnusa. Alichukua muda kumnusa.

"Wa leo kweli," akasema. Kisha kwa sauti ya chini, mimi peke yangu nisikie: "Wale wengine hawakuwa wa leo."

Nikainamia beseni.

"Niliwafungua jikoni, paka akatoka nje," akaendelea, na akawa ameshaanza kucheka. "Wageni nikawapikia mayai. Ngisi tukala mimi na marehemu mume wangu, sisi tulikuwa hatutupi kitu. Siku mbili, mdogo wangu, tulikuwa tunapokezana choo."

"Ulijua," nikasema. "Miaka yote hii ulijua."

"Jioni ile nilirudi nikugombeze. Nimefika pale kwenye kahawa nikakuona unanyonyesha huku unalia. Nimeshasikia unavyonisema. Nikasema nikifungua mdomo, huyu nani atanunua kwake tena? Mimi nilikuwa na mshahara, wewe ulikuwa na beseni. Nikadhani watasahau baada ya wiki." Akafuta macho kwa mkono wa blauzi, sijui ni kicheko au nini. "Kumbe nyie mna kumbukumbu."

Nilipanda juu ya kreti la barafu. Bui akaniuliza naenda wapi. Nikasema kwa sauti, soko zima, wapishi wa hoteli wakiwa pale pale na mifuko yao, kwamba mwaka ule ngisi wangu walikuwa wa jana, nilimuuzia Thoa nikijua, na mguu wake haukuwa na kitu chochote. Ni mimi nilisema. Wengine wote walisikia kwangu. Nilisema hivyo mara mbili.

Manyunyu yakawa yanasikika kwenye mabati. Yule mpishi niliyempokonya ngisi alitazama beseni langu, akatazama wenzake.

"Diep," Bui akasema polepole. "Yaani mimi miaka kumi na tisa nimechoma magazeti kwa ajili ya uvundo wa ngisi wako?"

Akaja, akatia mkono kwenye aproni yangu, akatoa ukurasa wangu wa michezo na kiberiti changu. Akaukunja, akauwasha, akaanza kuuzungusha juu ya kichwa changu. Moja. Mbili. Tatu. Jivu likaniangukia kwenye nywele.

"Mzungushie na mdomoni," Bibi Tuyet akasema kutoka kwenye tofu yake.

Thoa alishika nguzo asianguke kwa kucheka. Soko zima likaangua kicheko, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya kreti nalia, jivu linanishuka usoni, na sikumwambia Bui aache.

Nilipotelemka, Thoa alikuwa ameshafungua mfuko wake.

"Nipimie kilo tatu, wageni wamejaa," akasema. "Na unipunguzie."

Anayefungua siku haombi punguzo, hata mtoto anajua. Nikampunguzia. Akaomba tena, nikapunguza tena. Noti yake nikaipigapiga juu ya ngisi, mara ya kwanza kwa miaka kumi na tisa.

Uji wa asubuhi ile Bwana Quyen alikula mabakuli mawili, na habari za mpishi mwenye cheti hakuzitaja tena. Thoa alipotoka kwangu alizungukia meza zote, kila mmoja akapata chake. Wapishi wa hoteli wao walikwenda kwa muuza ngisi wa upande wa pili, mmoja baada ya mwingine, bila kunitazama. Siwalaumu. Saa nne beseni langu lilikuwa bado nusu, na ngisi walikuwa wabichi wanaong'aa. Niliwapeleka nyumbani, tukawala jioni na mwanangu, walikuwa watamu.

Kabla sijaondoka Bui alikuwa ameniangalia kwa jicho la pembeni, akaangalia na beseni.

"Haya," akasema. "Mguu wa leo ulikuwaje?"

"Mzuri," nikamwambia. "Kesho anakuja tena."